Mkono wa Njano

Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote siku hiyo alikuwa Njogu, na ndiye aliyekuwa na sababu ndogo kuliko wote ya kufurahi. Mtu mwenye wivu hataki mikono yake ionekane imetulia.

Ilikuwa Jumatano saa nne, wakati wa chai, kwenye karakana ya Bi Lela iliyo juu ya maduka ya mtaa wa Jericho, Nairobi. Wafanyakazi kumi na mmoja walikuwa wameacha meza zao na kujibanza nyuma ya simu ya tajiri wao. Kazi ya watu hawa ilikuwa kufunga flai: unabana ndoano kwenye vaisi, kile kibanio cha chuma cha mezani, unaivisha manyoya ya jogoo na utepe wa ngozi ya sungura, unazungusha uzi mpaka kile kitu kifanane na mdudu au samaki mdogo. Halafu kinatiwa kwenye kisanduku na kwenda ng'ambo, ambako watu wenye nafasi zao huvua samaki kwa raha, si kwa njaa. Mle ndani hakuna aliyewahi kuvua hata dagaa. Samaki waliyemjua ni yule wa kukaangwa, na huyo huwa ameshakufa mtu akimkuta.

Kwenye simu kulikuwa na boti nyeupe katika maji ya pwani ya Marekani, na mwanamume mwenye kofia aliyeitwa Kapteni Doyle, ambaye hukodisha hiyo boti pamoja na yeye mwenyewe.

"Huu ndio mwanzo wa msimu kwao," Bi Lela alieleza. Alizaliwa Mombasa, na miaka thelathini ya Nairobi haikuwa imemtoa Mombasa mdomoni. "Samaki hawa waitwa tapon, na sasa ndio kwanza waingia. Ni wachache, tena waoga. Kapteni asema wiki hizi chache ndizo zimpazo jina. Akikosa samaki sasa, wageni wake wahamia boti ya mwenziwe. Haya, tazameni!"

Maji yalipasuka. Samaki aliruka juu, mrefu kuliko mtu, magamba yake makubwa kama vifuniko vya sufuria, akatikisa kichwa kwa hasira, akaanguka tena. Karakana nzima ikapiga kelele.

"Woi! Hiyo ni samaki ama ni ng'ombe?" alisema Aoko, aliyekaa meza ya mlangoni na hakuwa na tabia ya kunyamaza.

"Sasa tazameni mdomoni," Bi Lela akasema. Alisimamisha picha, akaivuta kwa vidole viwili. Pembeni mwa lile domo pana kulikuwa na flai, na shingoni mwa flai kulikuwa na uzi wa njano.

Hapo kila mtu alimgeukia Teresiah.

Mle ndani kila mfungaji alikuwa na rangi yake ya uzi wa shingo. Aoko alikuwa na nyekundu, Njogu alikuwa na bluu, Teresiah mke wa Njogu alikuwa na njano. Flai ikifunguka huko iendako, rangi inasema ni kazi ya nani, na aliyeifunga hana pa kujificha. Kufunga kwa rangi ya mwenzio, au kumpa mwenzio rangi yako, lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na Bi Lela hakuwa na mchezo nalo.

"Kapteni ataka dazani kumi," Bi Lela aliendelea. "Na amesema hivi, nisimwongezee wala nisimpunguzie: zote ziwe za mkono wa njano. Ziondoke Jumamosi saa sita. Teresiah, mwanangu, utakaa meza ya dirishani. Na zikimpendeza, hiyo meza ni yako moja kwa moja, kwa mshahara wa mwezi, si kwa dazani tena."

Ndipo Njogu alipopiga makofi.

Meza ya dirishani ilikuwa yake. Alikuwa ameikalia miaka ishirini na miwili, tangu siku za marehemu baba yake Bi Lela. Hapo ndipo penye mwanga mzuri, na hapo ndipo Njogu alipowafundisha karibu wote waliokuwa wakimtazama sasa. Huyo Teresiah mwenyewe alikuwa msusi wa nywele kule Shauri Moyo. Ni Njogu aliyemleta miaka minne iliyopita, kibanda chao cha ususi kilipobomolewa, akamshika vidole na kumwonyesha jinsi ya kuanza uzi.

"Njogu," Bi Lela alimwambia kwa sauti ya upole, na upole huo ulimwuma kuliko matusi, "wewe utamsaidia. Umchambulie manyoya."

Kwa kuwa Njogu ni mtu wa mkono wa kushoto, vaisi yake ilikuwa imefungwa ikitazama upande wake peke yake, na haingemfaa Teresiah. Ikabidi aifungue skrubu pale pale, mbele ya watu wote, na skrubu zenyewe zilikuwa zimeshika kutu. Alihangaika nazo dakika nzima huku mke wake amesimama kando na bobini yake ya uzi wa njano mkononi.

"Pole, Baba Shiru," Teresiah alinong'ona.

"Pole ya nini? Si ni kazi tu?" Njogu alijibu, akacheka. Aoko alimtazama, akayarudisha macho yake kwenye chai.

* * *

Nyumbani kwao Shauri Moyo, katika ile nyumba ya kaunti ya chumba kimoja na pazia katikati, Teresiah alibana vaisi yake kwenye ukingo wa meza kabla hata ya kuteleka sufuria. Binti yao Shiru, wa kidato cha tatu, alikuwa amekaa kitandani na simu ya mama yake.

"Mathe, huyu kapteni wako amepewa namba yako na Bi Lela, ametuma sauti. Niweke?"

"Weka."

Sauti nzito ikajaa chumbani, kwa Kiingereza cha puani. Shiru alisikiliza, kisha akatafsiri: "Anasema, 'Habari Teresiah rafiki yangu. Sijui unafanya nini na hizo nywele, lakini zikiingia majini zinapumua. Mwambie Mungu akulindie mikono.'"

"Rafiki yake?" Njogu aliuliza kutoka mlangoni. "Wamekula ugali pamoja wapi?"

"Budaa, si ni venye wazungu huongea tu."

"Nyamaza wewe. Mtu hajui hata uso wa mke wa mtu, anamwombea mikono."

Teresiah alicheka. Aliona ni utani wa mume, na kwa kweli Njogu mwenyewe angependa iwe hivyo. Jioni hiyo hiyo, alipokwenda kuchota maji bombani, alimwambia jirani kwamba kuna mzungu anamsumbua mke wake kwa simu. Jirani akatikisa kichwa akamwonea huruma, na Njogu akajisikia vizuri kidogo. Mwanamume akimwonea mtu mwingine wivu kwa sababu ya mke wake, watu wanamwelewa. Lakini Njogu hakuwa akimwonea wivu Kapteni. Alikuwa akimwonea wivu mke wake, kwa zile flai, na hilo hakuna jirani wa kuambiwa.

Aliporudi na ndoo, alimkuta Teresiah amechukua flai mpya kabisa, vanishi ndiyo kwanza imekauka, akaitumbukiza kwenye jagi la kioo.

"Unafanya nini?" Njogu aliweka ndoo chini kwa kishindo. "Hiyo ni mali ya watu unalowesha!"

"Itakauka. Kuja uone."

"Nione nini?"

"Kuja uiname hapa, uitazame kutoka chini." Alikuwa amepiga goti, jagi ameliinua juu ya uso wake kama mtu anayetafuta uchafu kwenye maji ya kunywa. "Unajua nilipokuwa nikisuka, mteja alikuwa akitoka kwangu amependeza, mvua ikimpata barabarani ni mtu mwingine. Nywele zikilowa ni nywele nyingine kabisa. Sasa huyu samaki, ataiona flai ikiwa kavu siku gani? Mimi naweka manyoya machache. Ikiwa kavu inaonekana ya kimaskini. Lakini majini, tazama, Baba Shiru, inafungua vidole!"

Karakanani flai hukaguliwa ikiwa kavu, juu ya karatasi nyeupe. Hivyo ndivyo marehemu mzee alivyomfundisha Njogu, na hivyo ndivyo Njogu alivyowafundisha wengine. Flai nzuri ilikuwa ile iliyojaa, iliyonona, isiyo na unyoya uliokaa vibaya. Zake zingeweza kutiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

"Miaka ishirini na miwili nimefunga bila jagi," alisema. "Kwani nani alikufundisha kazi?"

"Ni wewe."

"Basi mwambie huyo rafiki yako."

Hakutegemea angefanya hivyo. Lakini Teresiah alifurahi, akamwambia Shiru aandike mara moja: kwamba mume wake ndiye mwalimu wake, na ndiye fundi mkuu wa karakana. Wakasubiri wote watatu. Njogu alijifanya anatafuta viberiti. Simu ikalia.

"Anasema, 'Mshukuru mume wako sana,'" Shiru alisoma. Kisha akasita.

"Maliza."

"'Je, na yeye anaweza kufunga kama wewe?'"

Teresiah aliinuka akaenda kukoroga githeri ambayo haikuhitaji kukorogwa.

* * *

Ijumaa stima ilipotea Jericho nzima, taa zote zikazimika, Bi Lela akawaambia wamalizie nyumbani. Kufikia saa saba mchana Teresiah alikuwa na dazani zake kumi, kila dazani imepangwa kwenye kipande chake cha sponji juu ya kitanda. Kilichobaki ni visanduku vya plastiki vya kuzitia. Alifunga leso, akaenda Eastleigh kuvinunua, akamwacha Njogu peke yake na zile flai.

Njogu alizitazama kwa muda mrefu. Alitafuta kosa. Alichukua miwani, akatafuta tena. Manyoya machache, mafupi kidogo upande mmoja, zimekonda kama watoto wa mwaka wa njaa. Hizi ndizo zilizomwondoa dirishani? Moyo ulimchoma, tena ulimchoma kweli, mpaka akashika kifua. Na bobini ya njano ilikuwa hapo mezani, imesahauliwa.

Aliigeuza vaisi, akaibana ikitazama upande wake.

Alifunga dazani nzima kwa saa mbili na nusu, na kwa muda huo alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata wiki nzima. Alizifunga kwa namna yake, zimenona, manyoya yamejaa, kila moja ni arusi. Shingoni alizungusha uzi wa njano. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na ilimridhisha sana: Kapteni akizisifu, basi kilichosifiwa ni mkono wa Njogu, na yeye mwenyewe atajua hata kama hakuna mwingine. Kapteni akizilaumu, jina litakaloharibika si la Njogu.

Alichukua dazani moja ya mke wake, akaitia kwenye mkebe wa majani ya chai uliokwisha, akauficha juu ya kabati nyuma ya masanduku. Zake akazipanga kwenye sponji mahali pale pale. Akageuza vaisi ilivyokuwa.

Teresiah aliporudi, jasho likimtiririka kwa msongamano wa First Avenue, alizihesabu sponji kwa macho tu: kumi. Alikuwa amechoka. Alizitia visandukuni akiwa anasimulia alivyopunguziwa bei na mama mmoja wa Kisomali, na Njogu akamsaidia kubandika vifuniko.

"Asante, Baba Shiru," alimwambia. "Nilijua unaumia, lakini umenisimamia."

Njogu alisema anatoka kidogo kupunga hewa.

* * *

Siku kumi na saba baadaye Bi Lela hakungoja saa ya chai. Aliingia asubuhi, buibui lake likifagia sakafu, akaweka mezani kwa Teresiah simu yenye picha na hakumwamkia mtu.

"Soma."

"Sijui Kiingereza hicho vizuri, Bi Lela."

"Basi nitakusomea mimi. Kapteni asema dazani tisa ni zile zile azijuazo. Dazani ya kumi amedanganywa. Alikuwa na wageni wawili walioruka toka nchi nyingine kwa ajili ya siku tatu tu. Maji yametulia, yamekuwa kama kioo, samaki waja mmoja mmoja. Wakatupa hizi, na kila samaki akageuka akaenda zake. Asema zaanguka majini kwa kishindo, zimenenepa kama kuku wa sikukuu. Wageni wamemhama. Haya, nitazamie hii." Alivuta picha. "Rangi hii ni ya nani?"

"Ni ya njano."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na kazi hii je, ni yako?"

Teresiah aliinamia picha. Njogu alikuwa kwenye meza ndogo ya kona, mbele yake rundo la manyoya alilokuwa akimchambulia mke wake, na aliona shingo ya Teresiah ikikakamaa. Akajua kwamba ameona. Uzi wa shingo, ukifungwa na mtu wa mkono wa kulia, unapanda ukiegemea upande mmoja. Ukifungwa na mtu wa kushoto unaegemea upande wa pili. Njogu alikuwa amebadilisha rangi ya uzi, lakini mkono wake alikuwa nao. Na karakanani mtu wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Alingoja Teresiah ageuke amnyoshee kidole.

"Ni yangu," Teresiah alisema.

"Uliifunga wewe?"

"Niliifunga mimi. Nilikuwa nimechoka, Bi Lela. Nilikuwa nakimbizana na saa."

Bi Lela aliitazama tena ile picha. Hakuwa mjinga, na uzi alikuwa akiujua tangu utotoni. "Teresiah, nakuuliza mara ya pili kwa sababu nakupenda. Ukisema ni yako, meza hii unaondoka leo, na njano nampa mtu mwingine. Kama kuna mtu aliyeuchukua uzi wako, sema."

"Hakuna aliyeuchukua. Ni mimi."

Sasa Njogu angeweza kunyamaza. Mambo yalikuwa yamekwenda sawasawa na hesabu yake ya Ijumaa, tena vizuri zaidi: mke ameondolewa dirishani kwa kinywa chake mwenyewe. Alimwona Teresiah akianza kufungua skrubu za vaisi yake, taratibu, mbele ya watu wote, kama alivyofanya yeye. Lakini Teresiah hakuwa akicheka kicheko cha uongo, na hakuwa na hasira, na watu walikuwa wakimtazama kwa namna ambayo hawakumtazama Njogu siku ile. Aoko alikuwa anafuta macho.

Ndipo wivu ulipomshika Njogu kuliko siku zote. Kumbe hata hapa? Hata kuonewa, mwanamke huyu atamshinda? Amshinde kwa kazi, amshinde na kwa moyo, halafu yeye aishi chini ya msamaha huo mpaka kaburini, akila chakula alichopika, akijua?

"Wacha hizo skrubu!" alipaza sauti, na mwenyewe akashtuka kuisikia. "Si yake. Bi Lela, tazama uzi unavyolala. Si yake!"

"Baba Shiru, keti," Teresiah alisema.

"Siketi. Nilizifunga mimi. Nilichukua uzi wake akiwa ameenda Eastleigh. Hakujua. Nilimwonea wivu." Neno lenyewe lilitoka kwa taabu. "Nilimwonea wivu mke wangu, basi. Mmesikia wote?"

Watu wangependa kufikiri kwamba alisema kwa sababu ya mapenzi, au kwa sababu Mungu alimgusa. Baadaye Aoko alilisimulia hivyo sokoni, na likapendeza. Lakini mwenyewe alijua kilichomwinua kitini.

Bi Lela alikwenda mpaka kona, akachukua bobini ya bluu mezani, akaitia mfukoni mwa buibui lake.

"Kwa heshima ya baba yangu sikufukuzi," alisema. "Utachambua manyoya. Lakini rangi huna tena. Na wewe Teresiah, mara ya pili usinidanganye mbele ya watu wangu."

* * *

Jioni ile walitembea kutoka Jericho mpaka Shauri Moyo. Nyumbani Njogu alitoa mkebe wa majani ya chai juu ya kabati, akauweka mezani. Teresiah aliufungua. Flai zake kumi na mbili zilikuwa zimeshikana na kunuka chai.

"Kama ungeniambia unataka meza, ningekupa," alisema.

"Hiyo ndiyo sababu sikukuambia."

Alimtazama sana, mpaka Njogu akatazama chini. Kisha Teresiah akajaza jagi maji, akatumbukiza flai moja, akaliweka ukingoni mwa meza. Safari hii hakumwita. Alikwenda nyuma ya pazia kubadilisha nguo.

Njogu alibaki na lile jagi. Alisikiliza kama mke anarudi. Halafu akapiga goti, magoti yakalia, akainamisha shingo akatazama kutoka chini.

Yale manyoya machache yalikuwa yamefunguka. Yalikuwa yanakwenda na kurudi, ingawa maji yalikuwa yametulia, na ile ngozi nyembamba ya sungura ilikuwa ikijikunja na kujikunjua yenyewe. Kilikuwa kitu hai. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamwuma. Miaka ishirini na miwili, alifikiri, na hakuwahi hata siku moja kuitia flai majini.

* * *

Kapteni alirudi, kwa sababu samaki walikuwa hawajamaliza kuingia na hakuwa na mkono mwingine aliouamini. Teresiah alimfungia dazani nane nyingine. Njogu alimchambulia manyoya, machache machache kama alivyotaka.

Ijumaa moja saa ya chai Bi Lela aliwaita tena kwenye simu. Ilikuwa boti ile ile, lakini safari hii upepo ulikuwa umevuma siku mbili, na maji yalikuwa ya tope, rangi ya chai ya maziwa. Samaki aliruka, mkubwa kuliko wa kwanza. Mgeni wa Kapteni, mama mzee mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa akilia kwa furaha.

"Kapteni asema ndiye mkubwa kuliko wote wa mwaka huu," Bi Lela alisema. "Na asema, mkono wa njano Mungu auweke. Teresiah, njoo mbele mwanangu."

Alivuta picha. Flai ilikuwa imeng'ang'ania pembeni mwa domo, na uzi wa njano ulionekana vizuri. Watu wakaanza kupiga makofi.

Njogu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Macho yake yalikwenda shingoni mwa flai kabla ya kitu kingine chochote. Uzi ulikuwa unaegemea kushoto. Ilikuwa imenona, imejaa. Ilikuwa moja ya zile kumi na mbili, Kapteni ameitoa sijui kisanduku gani, labda kwa kukosea, na katika maji ya tope samaki alikuwa ameiona kwa sababu ya unene wake ule ule. Mkono wake umesifiwa, kama alivyopiga hesabu, na anayejua ni yeye peke yake. Alingoja furaha ije. Haikuja. Alijiona kama mtu aliyeiba sahani halafu akakuta hana cha kupakua.

"Bi Lela, ngoja kidogo," Teresiah alisema.

Alichukua simu, akaisogeza karibu na uso, akaivuta ile picha tena kwa vidole viwili. Makofi yakapungua. Aliinua kichwa, akamtafuta mume wake juu ya mabega ya watu mpaka akampata.

"Hii si yangu," alisema kwa sauti ambayo hata Aoko wa mlangoni aliisikia. "Tazameni uzi. Hii ni ya Njogu."

Watu wakageuka. Aoko akaanza kupiga makofi upya, wengine wakamfuata, na Bi Lela akatia mkono mfukoni mwa buibui lake kama mtu anayeikumbuka bobini ya bluu. Njogu hakuweza kuinua uso. Kama angekuwa yeye aliyeshika simu ile, angenyamaza. Alilijua hilo, na kwa jinsi mke wake alivyomtazama juu ya mabega ya watu, mke naye alikuwa analijua.